Bei na Kipimo Chake

Watu wengi hudhani kwamba bei ni tarakimu tu iliyoandikwa juu ya bidhaa. Husema kitu hiki ni ghali na kile ni rahisi, wakaishia hapo. Lakini kila bei ina ndugu yake, na ndugu huyo ni kipimo. Mama auzaye mahindi katika soko la Eldoret hataji bei pasipo kuonyesha gorogoro yake, kwa kuwa shilingi bila kipimo hazina maana. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi kipimo kilivyokuwa silaha katika shindano kubwa la biashara lililoanza nchini Kenya mwaka 2000.

Mji wa Eldoret ulizaliwa na haja ya kupeleka habari. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa mahali palipojulikana kama shamba nambari 64, ndiyo sababu wenyeji waliuita mji huo Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye habari zilikwenda polepole. Mkulima wa Moiben aliyetaka kuuliza bei ya mahindi, au mzazi wa Turbo aliyetamani kusikia sauti ya mwanawe aliyeko Mombasa, alisafiri mpaka mjini, akapanga foleni mbele ya kibanda cha simu, sarafu mkononi.

Simu ya mkononi ilifika Kenya mwaka 1993. Bei yake ilikuwa kama shilingi 250,000, kwa hiyo ikawa pambo la matajiri na wakubwa. Usishangae: chombo kipya aghalabu huanza hivyo. Mwaka 2000 kampuni mbili ziliingia katika soko hilo kwa nguvu mpya. Moja ilikuwa Kencell, ambayo mwenye hisa wake mkubwa alikuwa Vivendi ya Ufaransa, nayo ililipa dola milioni 55 za Marekani ili ipate leseni. Nyingine ilikuwa Safaricom, mali ya Telkom Kenya kwa ubia na Vodafone ya Uingereza, chini ya uongozi wa Michael Joseph.

Kila moja ilikabiliwa na swali ambalo mwenye bidhaa mpya hana budi kulijibu: nimwuzie nani, nami nimtoze vipi? Kencell iliwaelekea zaidi wafanyabiashara, ikatoza kwa dakika. Safaricom iliwaelekea watu wengi wenye fedha kidogo, ikatoza kwa sekunde.

Huenda ukaona tofauti hii ni ndogo. Basi chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kampuni ya kwanza yataka shilingi 30 kwa dakika, na kila dakika iliyoanza huhesabiwa nzima. Ya pili yataka zaidi, shilingi 36 kwa dakika, lakini huhesabu kila sekunde. Mtu akizungumza kwa dakika 10 kamili, atalipa shilingi 300 kwa ya kwanza na 360 kwa ya pili. Akizungumza kwa sekunde 70, atalipa 60 kwa ya kwanza na 42 kwa ya pili. Akizungumza kwa sekunde 10 tu, atalipa 30 kwa ya kwanza na 6 kwa ya pili.

Ni nani azungumzaye kwa sekunde 10? Ni yule mwenye fedha kidogo, asemaye, “Mama hajambo, nitafika kesho,” kisha akakata. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko matajiri. Siwezi kusema kwamba kipimo peke yake kilileta ushindi, maana mitambo na mawakala navyo vilikuwa na sehemu yao. Lakini mwaka 2008, serikali ilipouza robo ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, kampuni hiyo ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 10. Kencell ilikwisha kubadili jina ikawa Celtel, halafu Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Mwaka huo huo wa 2010 ilishusha bei hata shilingi 3 kwa dakika, lakini Safaricom ikabaki kuwa kubwa kuliko wote. Aliyezoea nyumba hahami upesi.

Hekima hii haikuwa ya Kenya peke yake. Tazama mitambo ya michezo ya video. Mwezi wa Mei 1995, mjini Los Angeles, Sega ilitangaza mtambo wake kwa dola 399. Siku hiyo hiyo Sony ikatangaza PlayStation kwa dola 299, na mtambo huo ukauzwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 2006 Sony iliuza PlayStation 3 kwa hasara, ikitumaini kupata faida katika michezo. Lakini hata hivyo bei ilikuwa dola 499 na 599, na Nintendo ikawavuta wengi kwa Wii ya dola 249. Nasi Eldoret tuna vyumba ambamo mtu mmoja hununua mtambo, na vijana wasioweza kuununua hulipa kwa kila mchezo. Mwenye chumba amefanya kama kampuni ya simu: amekigawanya kilicho ghali katika vipimo vinavyolingana na mifuko ya wateja wake.

Je, kipimo kidogo ni fadhila tu? La. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kujiandikisha hakukuwa na malipo, wala kuweka fedha. Mlango ulikuwa wazi, na ada ilikuwa ndani. Kutuma fedha kwa mtu aliyejiandikisha kulilipiwa shilingi 30, ukituma 100 au ukituma 35,000. Kwa tajiri hilo lilikuwa si kitu. Kwa maskini lilikuwa karibu theluthi ya fedha alizotuma. Vivyo hivyo, kijana alipaye kidogo kidogo katika chumba cha michezo haoni uchungu, lakini akijumlisha ya mwaka mzima aweza kushtuka. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hicho huenda kisiwe chako.

Kwa hiyo, msomaji, chombo kipya kitakapoletwa mbele yako, usiulize tu ni shilingi ngapi. Uliza pia: kwa kipimo gani? Kisha uliza swali la tatu, ambalo muuzaji hatakuuliza kamwe: mwisho wa mwezi jumla itakuwa kiasi gani? Na ukijaliwa siku moja kuwa wewe ndiye mwenye kuuza, kumbuka mkulima wa Moiben na sarafu yake mkononi. Anayempimia huyo kwa haki hatakosa wateja.