Friwili Iliyochomelewa

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kwanza kuhusu Usagara. Sisemi ile Usagara ya vitabu vya shule, ambako Carl Peters alizunguka mwaka 1884 na mikataba yake ya hila. Nasema Usagara yetu ya Misungwi, njia panda ya kutokea Mwanza mjini. Ukinyoosha unakwenda Shinyanga. Ukikata kulia unakwenda Kigongo, ambako zamani tulisubiri pantoni na tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja hadi Busisi.

Pale njia panda nilimpelekea fundi baiskeli ya resi, mtumba mtupu, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa na gia kumi. Lakini kile kidude cha kuhamishia mnyororo kilikuwa kimevunjika, na kila nikikanyaga kwa nguvu mnyororo unaruka.

"Shikamoo mzee. Nitafutie kidude kama hiki."

"Marahaba. Kijana, spea ya hii utaipata wapi? Acha niyatoe madude yote, nikuwekee gia moja, utembee."

Nilijiona nimeshushwa cheo. Gia kumi zigeuzwe moja, kama Phoenix ya muuza maziwa? Makala haya ni ya kukiri kwamba siku ile sikuijua historia ya kitu nilichokuwa nimekishika mkononi.

Tukirudi nyuma, baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili yaliyolingana na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 katika Rover ya John Kemp Starley wa Uingereza. Mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi la upepo. Baiskeli za wakati ule hazikuwa na friwili. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Mteremkoni mtu aliinua miguu juu au alishindana na pedeli kwa mapaja yake. Friwili ilienea mwishoni mwa karne ile, na hapo ndipo mpanda baiskeli alipopata ruhusa ya kupumzika.

Gia nyingi nazo zilichelewa. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, lakini mwasisi wake, Henri Desgrange, hakutaka kabisa kuona vihamisha mnyororo. Waendeshaji walifika chini ya mlima, wakashuka, wakafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, maana lilikuwa na kijigia tofauti kila upande. Vihamisha mnyororo viliruhusiwa mwaka 1937. Kwa hiyo hicho nilichokiita kushushwa cheo, mabingwa wa Ulaya walikipandia milima kwa zaidi ya miaka thelathini!

Huku kwetu reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na njia ya bidhaa kutoka pwani ikafupika. Miaka ya 1950 pamba ikaleta fedha. Mwaka 1955 wakulima wakaunganisha vyama vyao katika Victoria Federation, akina Paul Bomani wakiwa mbele. Msukuma aliyeuza pamba vizuri alinunua ng'ombe, bati, na baiskeli. Raleigh ya Nottingham ilikuwa heshima ya mtu. Baadaye zikaja Phoenix za Shanghai, na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam na NABICO. Karibu zote hizo zilikuwa na gia moja, fremu nzito na keria ya kubebea gunia. Zilibeba pamba, mgonjwa, bibi harusi, na siku za baadaye mapanki kutoka viwanda vya samaki. Zikabeba hata abiria wa kulipa nauli, tukaziita daladala, kama wenzetu wa Busia walivyoziita za kwao boda boda.

Basi, fundi akaanza kazi. Akatoa vidude, nyaya na vijigia vyote. Habu ya nyuma ilikuwa na nyuzi zilizokubali friwili ya Phoenix, akaifunga. Akapanga upya washa kwenye ekseli, akakaza spoki za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, mpaka ringi ikakaa katikati na mnyororo ukanyooka. Mnyororo wenyewe akaukata, kisha akalivuta gurudumu nyuma ndani ya mifereji ya fremu hadi ukakaza. Mbele meno 48, nyuma 18. Hesabu ni rahisi: pedeli ikizunguka mara moja, unasogea kama mita tano na nusu. Ukitaka mwendo wa kilomita 30 kwa saa, miguu lazima izunguke karibu mara tisini kwa dakika. Si mchezo.

Nikanogewa. Nikakumbuka picha za watarishi wa New York, wanaopenya kati ya magari na baiskeli zisizo na friwili wala breki. Vijana wa miji mikubwa wakawaiga, baiskeli za namna hiyo zikauzwa kwa fedha nyingi. Nikamwambia fundi, "Mzee, ichomelee friwili isizunguke bure. Na breki toa."

Akanitazama. "Kamuulize mjomba wako kwanza."

Mjomba hakunijibu kwa maneno. Alipandisha suruali, akanionyesha mguu wa kushoto, ule anaouburuta. Miaka yote nilidhani alizaliwa nao vile.

Ilikuwa mwaka 1982. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, nchi haina fedha za kigeni, madukani hakuna sabuni, sembuse friwili. Yake ilikufa: vile vidole vya ndani vikalika, pedeli ikawa inazunguka hewani. Fundi akafanya alichoweza, akaichomelea. Breki nazo hazikuwa na mipira. Mjomba akaenda hivyo miezi kadhaa, mpaka siku aliyoteremka na gunia la mpunga. Gurudumu likazisukuma pedeli kuliko miguu ilivyoweza kufuata. Alipojaribu kuzizuia, friwili ikajifungua kwenye nyuzi zake, maana kukaza ni kwa kwenda mbele na kuzuia ni kufungua. Habu za resi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zina nati ya pili, ya nyuzi za kinyume, inayolinda. Ya mjomba haikuwa nayo.

"Mjomba, lakini Ulaya wanalipa hela kwa kitu hiki," nikasema kwa aibu.

"Wanalipa kwa sababu wakichoka wanaweza kununua nyingine. Mimi nilikuwa ninunue wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kosa letu sisi waandishi vijana. Tunapenda kumsifu fundi wa chini ya mti, jinsi anavyotengeneza kitu kutoka kwenye takataka. Ni kweli anastahili sifa. Lakini tukimaliza kumsifu, tunausahau uhaba uliomlazimisha, kana kwamba uhaba nao ni sehemu ya utamaduni wetu. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao, friwili zikaanza kuonekana tena, ila kwa bei ya mwenye nazo. Mguu wa mjomba ulikuwa umeshapona vibaya.

Baiskeli yangu leo ina gia moja. Friwili inazunguka. Breki mbili, mipira mipya. Nikishuka mteremko, miguu inatulia, na ile sauti ya tik-tik-tik ya friwili inanifuata nyuma. Wengine wanaiona kelele. Mimi kila nikiisikia namkumbuka mjomba, ambaye mwaka 1982 angetoa gunia zima la mpunga ili aisikie.