Habari Zilizogawanyika: Pemba na Upelelezi wa Biashara ya Watumwa, 1873–1905

Sisi tuliosomea historia ya Kanisa tumezoea kumsoma Livingstone, kisha tukadhani tumeijua habari ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo kutoka Pemba, tukiuliza: nani alijua nini, na nani alikubali kumwambia mwenzake?

Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulifunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Lakini mwaka uliotangulia tufani ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikisalia kwa sehemu kubwa. Hivyo mashamba ya Pemba yalitaka watu zaidi wakati ule ule sheria ilipokataza kuwaleta. Maumbile ya kisiwa nayo yaliwafaa wavunja sheria. Kati ya Pemba na mrima pana bahari ya kilomita 50 hivi, ambayo jahazi lililopata upepo mzuri huivuka kwa usiku mmoja; na pwani ya magharibi imejaa hori, visiwa vidogo na mikoko, mahali pasipoingia manowari.

Toka 1874 Waingereza waliiweka HMS London katika bandari ya Unguja, na mashua zake zikatumwa kuvizia Pemba. Mabaharia wake walitegemea wakalimani na watoa habari. Tena tuzo ilitolewa kwa vyombo vilivyokamatwa. Si ajabu, basi, kwamba wafanyabiashara wasio na hatia nao waliharibiwa majahazi yao.

Hata habari ilipokuwa sahihi, haikutosha. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa meli hiyo, alilikaribia jahazi moja karibu na Pemba. Lilipeperusha bendera ya Ufaransa. Kwa sababu hiyo hakuwa na ruhusa ya kulipekua, bali kuhakikisha hati zake tu, wala hakuwaandaa watu wake kwa vita. Ndani mlikuwamo watumwa wapatao mia moja. Wenye jahazi walifyatua bunduki, na Brownrigg akauawa.

Kwa nini bendera ile ilikuwa na nguvu hivyo? Asili yake ni ya mbali sana na Pemba. Ufaransa ilikuwa imetia sahihi mkataba wa 1841 wa kupekuliana meli, kisha ikakataa kuuthibitisha, kwa kuwa Wafaransa hawakuvumilia kuona meli zao zikisimamishwa na adui wao wa zamani. Manahodha wa Sur, katika Oman, waliijua chuki hiyo vizuri, wakajipatia hati za Kifaransa. Kwa maoni yetu hao ndio waliokuwa wapelelezi hodari kuliko wote: waliisoma historia ya Ulaya kama walivyozisoma kusi na kaskazi.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuhusu mipaka: Unguja na Pemba kwa mmoja, mrima kwa mwingine. Mkondo wa Pemba ukawa mpaka wa dola mbili. Siku iliyofuata ulitiwa sahihi Mkataba wa Brussels, ulioagiza ofisi ya kimataifa ianzishwe Unguja ili kukusanya na kubadilishana habari za biashara hiyo. Wazo lilikuwa jema. Hata hivyo Ufaransa ilipouthibitisha mkataba mwaka 1892 iliviacha vifungu vya upekuzi. Na waliozijua njia za Pemba kwa uchungu, yaani wale waliopitishwa humo, hawakuwa na mjumbe katika ofisi hiyo. Baadhi ya maneno yao yalifika London kwa njia nyingine, kupitia wamisionari wa Marafiki (Wakweka) waliofungua kituo Banani, Pemba, mwaka 1897.

Shauri la bendera za watu wa Sur liliendelea hadi The Hague. Huko, tarehe 8 Agosti 1905, waamuzi waliamua kwamba hati zilizotolewa kabla ya tarehe 2 Januari 1892 ni halali, na kwamba baada ya hapo Ufaransa isingeweza kuzitoa ila kwa walio chini ya ulinzi wake halisi. Wakati huo watumwa wa Pemba walikwisha kuwa na miaka minane ya haki ya kudai uhuru wao mahakamani.