Sampla na sikwensa ndani ya programu moja: usije ukapoteza ngoma kama mimi

Leo naomba niwape somo dogo la muziki wa kompyuta. Mimi lilinigharimu, ninyi mlipate bure.

Niliwahi kurekodi ngoma ya mganda kwetu Mpepai, huku Mbinga. Mpigaji alikuwa babu mmoja, mkono wake si mchezo. Nikatengeneza biti kwenye kompyuta ya rafiki yangu, nikanakili faili la mradi kwenye flashi, huyoo Songea. Kufungua kule: kimya! Vitufe vyote vya biti vinaonekana kwenye skrini, ila sauti ya ngoma hakuna. Niliporudi, ile kompyuta ilikuwa imeshapigwa fomati, na babu alishatangulia mbele za haki.

Kosa langu lilikuwa kutojua tofauti ya vitu viwili.

SAMPLA hushika sauti yenyewe: pigo la ngoma, kibwagizo, hata mlio wa jembe. Unaweza kuikata, kuigeuza nyuma mbele au kuipandisha. Ukiicheza kwa kasi mara mbili, inapanda oktava nzima na urefu wake unabaki nusu.

SIKWENSA haina sauti. Yenyewe ni karani tu, inaandika amri: piga hiki sasa, kile baadaye, kwa nguvu kiasi hiki.

Zamani mara nyingi hizi zilikuwa mashine mbili tofauti, bei yake usiulize. Mwaka 1988 kampuni ya Akai, ikishirikiana na Mmarekani Roger Linn, ilitoa MPC60 iliyoziweka kwenye boksi moja. Baadaye ikaja FruityLoops ya Image-Line, Ubelgiji, ambayo mwaka 2003 ilibadilishwa jina ikawa FL Studio. Kijana asiye na bendi akaweza kufanya yote kwenye kompyuta ya kawaida. Maprodyuza wa singeli kule Dar walichukua vipande vya taarab, wakavizungusha na kuvikimbiza, ukazaliwa muziki mpya. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, dunia ikasikia.

Sasa fanya hivi:

1. Rekodi kwa WAV. Kwa ubora wa CD, dakika moja ya stereo inakula kama MB 10, kwa hiyo pima nafasi ya flashi yako.

2. Kata kipande pale pigo linapoanza kabisa. Ukiacha ukimya mbele, biti itachelewa.

3. Tafuta kasi. Kama kipande kina mapigo manne, gawa 240 kwa urefu wake wa sekunde. Kipande cha sekunde 2.4 kinakupa 100. Weka namba hiyo kwenye programu, kitazunguka bila kujikwaa.

4. Ngoma ikihesabika tatu tatu, usiilazimishe kwenye vitufe 16. Tumia 12, la sivyo utaiua ladha yake.

5. Hapa ndipo nilipoumia: faili la kawaida la mradi hubeba amri za sikwensa na anwani za sauti, siyo sauti zenyewe. Ukihama kompyuta, anwani haifiki popote. FL Studio ina chaguo la kutoa mradi kama furushi la zip pamoja na sauti zake. Tumia hilo, kisha nakili ile WAV ya kwanza sehemu mbili tofauti.

La mwisho, jamani, mwombe ruhusa mpigaji na mpatane mapema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watumbuizaji pia, siyo watunzi peke yao.

Ile biti ninayo mpaka leo. Nimejaribu kuiwekea ngoma nyingine, haikai. Amri zipo zote, mkono wa babu haupo. Kama una rekodi ya mzee wa kwenu, inakili leo hii, usingoje kesho. Mwenye swali au mbinu nyingine atupie hapo chini, tuelimishane.