Asubuhi Katika Mtaa wa Karafuu

Ukitoka stesheni ya Jakarta Kota kabla jua halijachomoza, ukavuka uwanja wa Fatahillah na kushika njia ya kaskazini, utaingia mtaa uitwao Jalan Cengkeh. Cengkeh ni karafuu. Mimi nimekulia Pemba, kwenye majamvi ya karafuu, na nilipolisoma jina lile kwenye kibao nilisimama kama mtu aliyeitwa na ndugu yake. Nikavuta pumzi ndefu. Harufu iliyonijia ilikuwa ya mtaro.

Mji ulikuwa ndiyo kwanza unaamka. Adhana zilikuwa zimekwisha, na mama mmoja alikuwa akifungua masufuria ya nasi uduk, wali wao wa nazi. Kibao kilikuwa na jina la mtaa tu. Hakuna maandishi ya kumweleza mpita njia karafuu imefikaje hapa.

Asili ya mji inajulikana. Ilikuwepo bandari ya Sunda Kelapa, maarufu kwa pilipili manga. Mwaka 1527 jemadari Fatahillah akaiteka, ikaitwa Jayakarta. Mwaka 1619 Mholanzi Jan Pieterszoon Coen, gavana wa Kampuni ya India ya Mashariki, akaiteketeza na kujenga Batavia juu ya majivu yake. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji hakupona. Hata hivyo, vitabu vingi vya watalii humwita Coen mwasisi wa mji. Tangu lini mchomaji wa nyumba akaitwa fundi wake?

Mtaa huu wenyewe unavisuta vitabu hivyo. Mwaka 1918, watu wakichimba msingi wa nyumba kwenye kona yake mojawapo, walifukua nguzo ya mawe ya Wareno. Ilikuwa ukumbusho wa mkataba wa 1522, ambao mfalme wa Sunda aliahidi kuwapa Wareno magunia 1,000 ya pilipili manga kila mwaka. Basi karibu miaka 100 kabla ya Coen, hapa palikuwa na mfalme, mikataba na mizani.

Nilitembea hadi karibu na soko la Pasar Ikan, yalipo maghala ya Kampuni, yaliyoanza kujengwa mwaka 1652. Leo ni Makumbusho ya Bahari. Milango ilikuwa bado imefungwa, nami nikabaki kuangalia kuta nene na safu za madirisha ya mbao. Ngome kuu ya Batavia ilibomolewa na Gavana Daendels mwaka 1809, mawe yake yakajengewa kwingine. Ghala limebaki. Hata moto wa Januari 2018 uliunguza sehemu tu. Naona ndivyo ilivyostahili, kwani ngome ililinda ghala, na siyo ghala lililolinda ngome.

Waandishi wanaoisifu Kampuni huita kazi yake biashara. Biashara gani hiyo? Mwaka huohuo wa 1652, Sultani wa Ternate, kwenye visiwa vya Maluku ulikozaliwa mkarafuu, alitia saini kwamba mikarafuu ya himaya yake ing'olewe, naye alipwe fidia kila mwaka. Karafuu ikaruhusiwa Ambon na visiwa jirani tu. Kwingineko misafara ya mitumbwi ya vita, iliyoitwa hongi, ilizunguka ikikata miti ya watu ili bei isishuke Amsterdam. Anayejua miaka ambayo mkarafuu humtaka mkulima asubiri kabla ya kumpa chochote, ataelewa kilio cha mwenye shamba siku hiyo.

Ukiritimba ule uliponyokwa na mche. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche ya Maluku na kuipeleka Morisi, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikafika Unguja. Hapa nina ugomvi na wa kwetu pia. Shuleni tulifundishwa kwamba karafuu ililetwa na Sayyid Said. Lakini Sayyid Said alikanyaga Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na anayetajwa kuileta kabla yake ni mfanyabiashara Saleh bin Haramil al-Abri, ambaye mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani yalitaifishwa na Sayyid huyohuyo. Shamba lilichukuliwa, na sifa ikafuata shamba. Waliochimba mashimo, watumwa wa kwetu, hawakuingia hata kwenye ugomvi.

Yaliyofuata ni ya haraka. Kampuni ilifilisika na kuvunjwa mwishoni mwa 1799. Wajapani wakaja 1942, na jina Batavia likaenda. Uhuru ukatangazwa 1945. Sasa serikali inajenga makao makuu mapya, Nusantara, huko Kalimantan, na mji huu unaendelea kudidimia ardhini.

Jua lilipopanda nilirudi kwa yule mama nikala wali wake. Kando yangu mzee aliwasha sigara ya kretek, ile inayochanganywa na karafuu na kutatarika ikiungua. Kwa miongo mingi karafuu ya sigara hizo ilitoka kwetu, hadi Waindonesia walipopanda ya kwao ya kutosha, na katika miaka ya 1980 bei ikatuangukia. Nyumbani tulimlaumu mnunuzi. Moshi wa yule mzee ulinijia usoni, na ndipo kwa mara ya kwanza asubuhi ile Jalan Cengkeh ikanukia jina lake. Sikusogeza kiti.