Mdako, Mavis Beacon na Kishikwambi cha Mpwa Wangu

Mpwa wangu alimaliza darasa la tatu hajui kusoma. Nalisema hivyo bila kuzunguka kwa sababu nyumbani kwetu Tarakea jambo hilo lilizungukwa kwa miezi mingi. Dada yangu alisema mtoto ana aibu tu. Kwenye ripoti kuliandikwa "aongeze bidii." Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake na ndiye anayekaa naye, alinisubiri nirudi Krismasi ya 2021, akanipa daftari la mtoto na kuniambia, "Mjomba wake ni wewe. Angalia." Nikaangalia. Herufi zilikuwa nzuri, zimenyooka kama migomba iliyopandwa kwa kamba. Nikamwambia asome alichoandika. Akaniangalia, akaangalia mlango.

Mwaka uliofuata alikuwa na upimaji wa darasa la nne, na anayeshindwa hurudia darasa. Kwa mtoto mwenye haya kama yule, kukaa tena dawati lile lile na wadogo zake ni njia fupi ya kuacha shule. Na Tarakea hakukosi kazi ya kumvuta mtoto aliyeacha shule: mpaka wa Kenya uko pale, siku ya soko kuna magunia ya maharage ya kusukuma, na hela ya papo kwa papo.

Mimi ni mtu wa kompyuta kidogo. Nikaona dawa ninayo. Nitamtafutia mchezo wa kompyuta unaofundisha kusoma, atacheza, atajua. Kilichotokea ndicho kilichonirudisha kwenye historia, maana niligundua kwamba swali langu limeulizwa na watu wengi kabla yangu, na majibu yake mengine yalikuwa uani kwetu siku zote.

Nianze na uani. Sisi tulicheza mdako. Kwa asiyejua: unachimba shimo dogo, unajaza kete za mawe, unarusha jiwe moja juu na kabla halijatua unazikomba kete kutoka shimoni, kisha unadaka. Ukirusha tena unazirudisha zote isipokuwa moja. Raundi inayofuata unabakiza mbili, halafu tatu, halafu nne. Ukikosea, zamu inahama. Hakuna aliyetuambia kwamba tunajifunza kuhesabu na kutoa. Tungeambiwa, pengine tungekwenda zetu kuteleza kwenye magamba ya migomba. Lakini angalia ulivyoundwa: lengo liko wazi, ugumu unapanda hatua kwa hatua, kosa linaonekana hapo hapo, na wenzako wamechuchumaa kukuzunguka wakisubiri ukosee. Mwaka 1940 O. F. Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi hapa hapa mlimani, alichapisha *Chaga Childhood*, kitabu kizima kuhusu malezi ya mtoto wa Kichagga, na michezo akaihesabu ndani ya elimu. Kwa wazee wetu hilo halikuwa jambo geni.

Kompyuta ilipoingia kwenye habari hii, iliingilia mbali sana na sisi. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Mwaka 1971 huko Minnesota walimu wanafunzi watatu walitengeneza *The Oregon Trail*, mchezo wa kufundisha historia ya wahamiaji walioelekea magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Huku kwetu, mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta za mwanzo serikalini zilikuwa zimeleta hasara. Hata televisheni Tanzania Bara tuliisubiri hadi 1994. Kwa hiyo wakati watoto wa Minnesota wanakuwa watu wazima wakikumbuka mchezo wao wa shuleni, sisi tulikuwa na mdako, rede, kombolela na magari ya waya. Silalamiki. Naeleza tu kwa nini mchezo wa kwanza wa kompyuta wa kielimu kwa wengi wa rika langu haukuwa wa watoto kabisa.

Ulikuwa Mavis Beacon. Ukimaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, unapelekwa Moshi mjini "kusoma kompyuta". Kwenye kituo nilichosomea mimi, chumba kilikuwa na mashine sita, mbili hazifanyi kazi, na programu ya kujifunza kuchapa iliyotoka Marekani mwaka 1987. Tulidhani Mavis Beacon ni mwalimu wa kweli. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba hakuna mtu huyo, na kwamba mama yule mweusi aliyependeza kwenye jalada alikuwa mwanamitindo wa Haiti aitwaye Renée L'Espérance. Ndani yake kulikuwa na mbio za magari: ukichapa haraka, gari lako linakimbia. Tuligombania mbio zile hadi kusukumana. Ila tulizicheza kwa vidole viwili, macho kwenye vibonye, maana tuliotaka ni ushindi. Mazoezi ya vidole kumi tuliyaruka. Mpaka leo nachapa kwa vidole vinne.

Watu wa umri wangu wanakumbuka klorokwini. Mama alikuwa anaficha kidonge ndani ya ndizi mbivu. Tulikula ndizi, kidonge tukakitema nyuma ya banda la mbuzi. Michezo mingi ya kielimu iliyouzwa duniani tangu miaka ya 1980 ilikuwa ndizi ya namna hiyo: hesabu upande mmoja, raha upande mwingine, na mtoto si mjinga.

Aliyelichunguza hilo mapema ni Thomas Malone, aliyeandika tasnifu yake Stanford mwaka 1980. Aliwauliza watoto 65 wa shule ya msingi kuhusu michezo 25 ya kompyuta: upi mnaupenda? Sifa iliyokwenda sambamba zaidi na kupendwa kwa mchezo ilikuwa kuwa na lengo. Halafu akachukua mchezo wa kufundisha sehemu, ule wa mishale inayopasua maputo, akautengeneza kwa namna mbalimbali, akiondoa hiki na kubakiza kile. Wavulana walipenda maputo kupasuka, wasichana hawakuyapenda. Yaani pambo lile lile linalomshika mtoto mmoja linamfukuza mwingine. Mwishowe alitaja mambo matatu yanayofanya kujifunza kuvutie: changamoto, njozi na udadisi. Nilipoyasoma nilicheka, kwa sababu mdako unayo yote, na gharama yake ni mawe.

Kabla yake, mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwenye shule ya chekechea hapo hapo Stanford. Watoto waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wakachora, wakapewa. Baada ya wiki chache, walipoachwa wacheze watakavyo, walioahidiwa cheti walichora kidogo kuliko wasioahidiwa kitu. Zawadi ilikuwa imekula hamu. Ukifungua leo mchezo wowote wa kufundishia watoto, hesabu nyota na vikombe vinavyomwagika kila mtoto anapogusa kioo, kisha mkumbuke Lepper.

Turudi nyumbani. Mwaka 2010 Uwezo walipowapima watoto wa Tanzania, watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa kioja. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa ya chini uliwekewa mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na 2016 elimu bila ada ikajaza madarasa. Mwalimu mmoja na watoto themanini: hata angekuwa malaika, yule mwenye haya wa nyuma angempita.

Katika miaka hiyo hiyo watu walijaribu njia ya pembeni. Ubongo Kids ilianza kwenye televisheni mwaka 2014, ikitengenezwa Dar es Salaam, hesabu kwa katuni na nyimbo, na mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya mzazi. Kisha wakaja na *Akili and Me* ya wadogo zaidi. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia kwenye nchi ya ndoto. Mama yangu alipoambiwa kwamba binti yule ni wa huku kwetu, aliuliza ni wa ukoo gani.

Lakini jaribio kubwa lilifanyika Tanga. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15: nani atatengeneza programu itakayomfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu? Timu tano zilifika fainali. Google walitoa vishikwambi, na serikali yetu, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani wakashiriki. Kuanzia mwishoni mwa 2017, karibu watoto 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vinavyochajiwa kwa jua. Asilimia 74 ya watoto wale waliripotiwa hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 ushindi uligawanywa kwa timu mbili, dola milioni tano kila moja: onebillion ya Uingereza, na Kitkit School ya Enuma, kampuni iliyoanzishwa na Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee. Sooinn alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta, na alianza kazi hii baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Programu zote tano zikaachiwa bure.

Nusu ni nyingi, tena kwa watoto ambao hawakuwa na shule kabisa. Lakini piga hesabu: ukipunguza nusu ya tisini, unabaki na zaidi ya arobaini katika kila mia ambao walikuwa na kishikwambi mkononi kwa miezi 15 na bado neno moja halisomeki. Magazeti yalisherehekea nusu ya kwanza, na ilistahili. Mimi mtoto wangu alikuwa wa nusu ya pili.

Maana nilifanya hivyo hivyo. Januari 2022 rafiki yangu wa Moshi aliniwekea moja ya programu zile kwenye kishikwambi cha mitumba, nikakituma Tarakea na basi. Wiki ya kwanza mama alipiga simu kulalamika kwamba mtoto hataki kula. Nikafurahi. Wiki ya tatu nilipanda mwenyewe, nikakaa nyuma yake kimya. Alikuwa amegundua siri: ukigusa majibu yote haraka haraka, moja litakuwa sahihi, na kengele italia. Hakusikiliza sauti wala hakuangalia herufi. Ni mimi kabisa na magari ya Mavis Beacon. Wiki ya tano kishikwambi kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto yuko nje anacheza mpira wa makaratasi. Nikajiambia basi, imeshindikana. Nikarudi Moshi, na nakiri kwamba nililaumu mtoto.

Aliyekirudisha chini ni mama yangu, na hakufanya hivyo kwa sababu ya elimu. Umeme ulikuwa umekatika, watoto wa jirani na binamu zake walikuwa jikoni wakisubiri mahindi, na kelele zimezidi. Akawapa kishikwambi wanyamaze. Walikuwa watano na kioo kimoja. Mtoto wa kike wa jirani, mkubwa kidogo, akatoa sheria bila kuulizwa: ukikosea unampa mwenzako. Sheria ya mdako. Ile mbinu ya kugusa ovyo ikafa hapo hapo, kwa sababu kugusa ovyo sasa kulikuwa na bei yake. Ilibidi usikilize sauti. Ilibidi uangalie herufi wakati mwenzako anacheza, ili zamu yako ikifika ujue. Na mama, ambaye hakwenda shule, alikuwa anauliza kutoka kwenye figa: "Hapo pameandikwaje?" Si swali la mtihani. Alikuwa hajui kweli. Kwa mara ya kwanza mpwa wangu alikuwa na mtu wa kumsomea ambaye hawezi kumsahihisha.

Jambo hilo likawa la kila jioni. Halikuwa muujiza. Kuna siku waligombana kishikwambi kikaangukia majivu, kuna wiki nzima hakikuwa na chaji. Shuleni alipata mwalimu aliyemsogeza mbele darasani, na sitaki kumnyang'anya mwalimu huyo sehemu yake. Mwishoni mwa 2022 alivuka darasa la nne, kwa alama za kujikwaa, lakini alivuka.

Mwaka ule ule vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa vilianza kugawiwa kwa walimu nchi nzima, na ng'ambo ya mpaka wenzetu wa Kenya walikwishaanza kugawa vya kwao kwa shule za msingi tangu 2016. Vitakuja vingine. Kila vinapokuja tunauliza ndani kuna nini: programu gani, katuni gani, nyota ngapi. Ni swali la haki. Ila ningeomba tuulize pia, kikiwaka, nani wamekaa pembeni ya mtoto.

Krismasi iliyopita nilimkuta mama uani na gunia la mbolea. Mpwa wangu alikuwa amelikalia, anamsomea maandishi ya ubavuni, polepole, kidole kikitangulia. Alifika neno refu akakwama. Akatoa kidole, akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa mstari. Mama akamngoja.