Kima cha Kuagizia

Miongoni mwa istilahi zilizoingia maboharini pamoja na programu za ununuzi, iliyo na haja kubwa ya kufafanuliwa ni ile ihusuyo idadi ya kifaa ambayo, ikishafikiwa rafuni, agizo jipya halina budi kutoka siku hiyo hiyo. Wengine huiita kiwango cha kuagiza upya. Mimi nachagua kima cha kuagizia, kwani katika mambo ya mishahara neno kima limekwisha kuzoeleka kwa maana ya mpaka ambao haijuzu kushuka chini yake, ijapokuwa wapo watakaocheka kwa kumkumbuka mnyama wa mitini.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kiwanda hutumia beringi 4 za namba 6205 kila mwezi, na muuzaji huzileta baada ya miezi 2: katika muhula huo zitatumika 8, na tukiongeza 3 za akiba kwa ajili ya taksiri ya meli na forodha, kima ni 11. Ford W. Harris, Mmarekani aliyetangaza kanuni yake mwaka 1913, alijibu suali la kiasi gani kiagizwe kwa mara moja. Kima hujibu suali la lini, na kumwepusha karani na ununuzi wa dharura, ambao bei yake huamuliwa na muuzaji peke yake.

Lakini programu huhesabu majina, wala haivioni vitu. Beringi hiyo, ambayo tundu lake ni milimita 25, ikiwa karani mmoja ameiandika kwa namba yake na mwenziwe ameiita "beringi ya pampu", kompyuta itadhani ni vifaa viwili, itakipa kila kimoja kima chake, kisha itaagiza kwa bidii mali iliyojaa rafu ya pili. Kwa hiyo orodha ya majina haina budi kusafishwa kabla programu haijalipiwa, kazi ya kuchosha ambayo aghalabu wakurugenzi huiruka.

Fauka ya hayo, hesabu hii yafaa kwa grisi na vichujio, vitu vitumikavyo sawasawa mwaka mzima. Shafti ya pampu kubwa, iwezayo kukaa miaka bila kuvunjika, kompyuta itaiona haina haja, ilhali siku ikivunjika kiwanda kizima husimama. Kifaa cha namna hiyo huwekwa kimoja boharini kwa amri ya fundi mkuu, nje ya hesabu zote, na mkaguzi akiuliza kwa nini fedha imelala rafuni, aelekezwe kwake.