Urbanus: Mtu wa Mji

Waroma wa kale walipotamka urbs bila kuongeza jina, walimaanisha Roma yenyewe. Kutoka neno hilo likazaliwa urbanus, yaani «wa mji». Lakini kwa Cicero na wenzake, urbanus alikuwa zaidi ya mkaaji wa mjini: alikuwa mtu wa lafudhi safi, adabu na mzaha mwema. Rusticus, mtu wa shamba, akaachiwa sifa ya ujinga.

Kifaransa kimerithi yote mawili: urbain ni wa mji, urbanité ni adabu. Naye villanus, mkulima katika shamba la bwana, akageuka vilain, mtu mbaya. Na paganus, mtu wa kijiji, akawa païen, mpagani. Tusishangae. Walioandika walikaa mjini. Wakulima waliowalisha hawakuulizwa.

Mapapa wanane waliitwa Urbano. Hata hivyo, katika Roma jina hilo lilikuwa pia la watumwa wengi, na Mtume Paulo anamsalimu Urbano mmoja kama mtenda kazi mwenzake (Rom 16:9).

Nasi je? Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, kwa sababu ya waungwana waliofika na misafara ya pwani katika karne ya 19. Mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa; kisha ikawa mwenye adabu. Mtu wa bara akaitwa mshenzi, na katika misafara ile mshenzi ndiye aliyefungwa mnyororo akauzwa.